Ushahidi wa Jamhuri: mshtakiwa anauona lini, na anauona kwa kiasi gani?

Katika Gereza Kuu la Isanga, hapa Dodoma mjini, wanaweza kulala chumba kimoja mahabusu wawili ambao sheria inawatazama kwa macho tofauti kabisa. Mmoja anashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mwenzake anashtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kesi ya wa kwanza ni ya Mahakama Kuu, na kabla haijaanza kusikilizwa atasomewa maelezo ya kila shahidi ambaye Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inakusudia kumwita, atasomewa nyaraka, atajua vielelezo ni vipi, na atapata nakala bila kulipia. Kesi ya wa pili ni ya Mahakama ya Wilaya. Huyu ataingia kizimbani na hati ya mashtaka mkononi na, kama ana bahati au ana mtu wa kumkumbusha, maelezo ya mtu mmoja tu: mlalamikaji. Akitiwa hatiani, hakimu hana ruhusa ya kumpa adhabu iliyo chini ya miaka 30.

Hiyo ndiyo sheria yetu ilivyo. Hakuna hakimu mbaya aliyeibuni wala polisi mkorofi aliyeipindisha. Imo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985. Kwa kuwa idadi kubwa ya wanaoshtakiwa nchini hupitia mahakama za chini, na wengi wao hawana wakili, naona ni lazima tuifungue taratibu, kipande kwa kipande.

Neno moja kuhusu namba za vifungu. Natumia zile zilizozoeleka mahakamani miaka yote. Toleo la Marejeo la Sheria la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limesogeza baadhi ya namba hizo, kwa hiyo anayekwenda kuzitafuta atazame kiini cha kifungu, asibabaishwe na tarakimu.

Msingi wa yote uko kwenye Katiba. Ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama. Tanzania pia imeridhia, tangu 1976, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao ibara yake ya 14 inadai mshtakiwa apewe muda na nyenzo za kutosha kuandaa utetezi wake. Lakini Katiba haisemi ni karatasi gani apewe, na siku gani. Kazi hiyo imeachiwa Sura ya 20, nayo imegawa haki hiyo kwa mizani isiyo sawa.

Maelezo ya mlalamikaji

Tuanze Mahakama ya Wilaya, maana huko ndiko walipo wengi.

Mtu akiibiwa au akipigwa, anakwenda kituoni. Askari anamsikiliza, anaandika kwa mkono kwenye karatasi za maelezo, anamsomea, na mtoa maelezo anatia sahihi au dole gumba. Karatasi hiyo inaingia kwenye jalada la upelelezi. Kifungu cha 9(3) kinasema kesi ikifunguliwa mbele ya hakimu, na yule aliyetoa taarifa ametajwa kuwa shahidi, hakimu atahakikisha mshtakiwa anapewa mara moja nakala ya taarifa hiyo na ya maelezo aliyoyatoa polisi. Kifungu hakimwachii mwendesha mashtaka aamue kama anapenda kutoa au hapendi. Wajibu amebebeshwa hakimu.

Ila angalia kinachoachwa nje. Shahidi wa pili, wa tatu na wa nne hawamo. Daktari hamo. Mpelelezi hamo. Ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali haimo. Kifungu kinamtaja aliyeleta taarifa, basi.

Hata hivyo, karatasi hiyo moja ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Chukua mfano wa kesi ambayo mikoa yetu ya kati inaijua vizuri, wizi wa ng'ombe. Mzee mmoja wa Chemba anaamka na kukuta zizi limefunguliwa, ng'ombe watatu hawapo. Anakwenda polisi, anaeleza kwamba ameibiwa majike mawili na dume moja, wote wekundu. Siku chache baadaye kijana anakamatwa mnadani na ng'ombe watatu wekundu. Mzee anaitwa kituoni, anawaona, anasema ndio hao. Miezi saba baadaye yuko mahakamani, ameapa, na anamweleza hakimu kwamba jike mmoja ana doa jeupe pajani na mwingine sikio lake la kushoto limechanjwa alama ya ukoo.

Katika kesi za mifugo, kesi nzima hukaa hapo. Alama alizitaja kabla ya kuonyeshwa wale ng'ombe, au baada? Kuzitaja baada ya kuwaona ng'ombe uani kwa polisi hakuthibitishi chochote, maana yeyote aliyepita pale angeweza kuona doa na sikio. Kijana mwenye nakala ya maelezo ya mwanzo atasimama na kuuliza: "Mzee wangu, siku ile ya kwanza ulipokwenda kituoni, uliwaambia habari za sikio?" Mzee akisema aliwaambia, kijana anaomba aonyeshwe maelezo yake mwenyewe. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 154, inaruhusu hasa jambo hilo: shahidi anaelekezwa sehemu inayopingana na anachosema sasa, anaulizwa, kisha maelezo yanaombwa yapokewe kama kielelezo cha utetezi. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika, na ikisahaulika hakimu hawezi kuyatumia maelezo ambayo hayamo kwenye kumbukumbu yake.

Kijana asiye na nakala naye atauliza maswali. Nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama za wilaya za huku vya kutosha kujua yatakavyokuwa. "Wewe mzee unasema uongo." "Sisemi uongo." "Hao ng'ombe ni wangu." "Ni wangu mimi." Hakimu anaandika, anauliza kama kuna swali lingine, hakuna, shahidi anashuka. Muda wa maswali ya dodoso umekwisha na hakuna kilichododoswa.

Niseme pia kwa ajili ya mzee, maana naye ana haki. Huenda alizitaja alama zote siku ya kwanza, lakini alizitaja kwa Kirangi au Kisandawe na askari mwenye haraka akaandika kwa Kiswahili cha mistari sita. Kasoro ya maelezo inaweza kuwa ya mwandishi, si ya msemaji. Mwendesha mashtaka anayo nafasi ya kumuuliza tena shahidi wake na kuliweka hilo sawa. Karatasi ikiwa mezani, pande zote mbili zinabishana juu ya kitu kinachoonekana, na hakimu anapima.

Katika utendaji, nakala hiyo haiji yenyewe. Siku ya kwanza mshtakiwa anasomewa shtaka, anakana, anapelekwa rumande au anapewa dhamana, na tarehe nyingine inapangwa. Asipoomba, kwa kawaida hapewi. Akiomba, ataweza kuambiwa jalada liko kwa mpelelezi, au mashine ya fotokopi ni mbovu. Kisha inafika siku ya shahidi wa kwanza, hakimu anauliza, "Uko tayari kuendelea?" na mshtakiwa, aliyechoka kupanda na kushuka karandinga, anajibu, "Niko tayari." Maneno hayo mawili yanaandikwa. Miaka miwili baadaye, kwenye rufani aliyojiandikia gerezani, analalamika kwamba hakupewa maelezo, na anakutana na kifungu cha 388: kasoro ya utaratibu haitengui hukumu mpaka ionekane kwamba imesababisha haki ipotee. Ulinyimwa nini hasa, na ulipoulizwa kama uko tayari ulisema nini?

Kwa hiyo namna ya kuiomba ni muhimu kama haki yenyewe. Aombe siku ya kwanza, kwa mdomo, mahakama ikiwa imekaa: "Mheshimiwa, naomba nakala ya maelezo ya mlalamikaji chini ya kifungu cha 9(3), na naomba ombi langu liandikwe." Hiyo sehemu ya pili ndiyo yenye nguvu. Ombi lililoandikwa kwenye mwenendo wa shauri haliwezi kukanushwa baadaye. Asipopewa mpaka siku ya shahidi wa kwanza, asiseme yuko tayari. Aseme hayuko tayari kwa kuwa hajapewa maelezo aliyoyaomba tarehe fulani. Mahabusu anaweza kuandika barua kupitia kwa mkuu wa gereza, na ndugu walio nje wanaweza kumwandikia hakimu mfawidhi wa mahakama husika, wakitaja namba ya kesi, na kupeleka nakala ofisi ya mashtaka.

Hoja za awali, mahali pa kuwa macho

Upelelezi ukishakamilika, kesi inapangiwa usikilizwaji wa awali, au hoja za awali, chini ya kifungu cha 192. Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kesi kwa ufupi, na kwa kawaida anataja mashahidi wake na vielelezo. Lengo la sheria ni kuokoa muda: mambo yasiyobishaniwa yawekwe pembeni, mashahidi wasiitwe kuja kuthibitisha kitu ambacho hakuna anayekikana.

Kwa mshtakiwa wa Mahakama ya Wilaya, hiki ndicho kidirisha kikubwa zaidi atakachopata cha kuona kesi ya upande wa pili kabla haijaanza. Asikilize kwa makini, na kama anaweza kuandika, aandike majina ya mashahidi na vielelezo vilivyotajwa.

Lakini kidirisha hiki kina makali. Mambo anayokubali yanaorodheshwa kwenye hati ya mambo yasiyobishaniwa, inasomwa, anatia sahihi. Baada ya hapo yanahesabiwa kuwa yamethibitishwa. Jamhuri haina tena haja ya kuleta shahidi kuyasemea. Sasa fikiria hakimu anauliza kama ni kweli siku ya tukio ulikuwa Kibaigwa. Mtu aliyekwenda Kibaigwa kuuza mahindi anasema ndiyo, maana ni kweli alikuwepo. Ameshakubali kuwa mahali pa tukio siku ya tukio, bila kujua kama kuna shahidi hata mmoja wa kumweka pale. Kukubali kweli si kosa, na simshauri mtu aidanganye mahakama. Nasema tu kwamba mtu anatakiwa akubali akiwa anajua kinachomkabili, na sheria inamtaka akubali kabla ya kumwonyesha.

Hali ni hiyo hiyo kwenye makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa kwenye Sura ya 20 mwaka 2019. Mshtakiwa anakaa na upande wa mashtaka, wanazungumza, anakiri kwa masharti. Anayejua kwamba ushahidi dhidi yake ni mzito anajadiliana kwa akili. Asiyejua anajadiliana na hofu yake mwenyewe.

Mahakama Kuu: mwenendo kabidhi

Kesi za mauaji, uhaini na nyinginezo za Mahakama Kuu huanzia chini. Mshtakiwa anafikishwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, anasomewa shtaka, anaambiwa asijibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka. Kinachofuata kinajulikana na kila aliyewahi kumsindikiza ndugu: kesi imekuja kwa kutajwa, upelelezi haujakamilika, siku kumi na nne, kutajwa tena. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliweka sharti kwamba shtaka lisifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, lakini yaliacha nje makosa makubwa, na makosa makubwa ndiyo haya. Muda wote huo mshtakiwa hajui chochote zaidi ya shtaka.

Upelelezi ukikamilika, Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) anawasilisha taarifa ya mashtaka, na hakimu anafanya kinachoitwa mwenendo kabidhi. Kifungu cha 246 kinamtaka amsomee na kumweleza mshtakiwa taarifa hiyo pamoja na maelezo na nyaraka zenye kiini cha ushahidi wa mashahidi ambao DPP anakusudia kuwaita. Kusoma huko kunaweza kuchukua siku nzima. Watu husinzia, wakalimani hukauka koo. Lakini mwisho wake mshtakiwa anaijua kesi yake nzima, na kitabu cha mwenendo huo ni haki yake bila malipo.

Kufuli liko kwenye kifungu cha 289. Shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa kwenye mwenendo kabidhi hawezi kuitwa na Jamhuri wakati wa kusikiliza kesi, isipokuwa mshtakiwa au wakili wake awe amepewa taarifa ya maandishi kwa muda wa kutosha, yenye jina la shahidi na kiini cha atakachosema. Mahakama ya Rufani imeufuta ushahidi wa namna hiyo kwenye kumbukumbu mara kadhaa, na kuna hukumu za mauaji zilizoanguka kwa sababu shahidi muhimu aliingizwa kwa mlango wa nyuma. Haki yenye adhabu ya kuivunja ni haki inayoheshimiwa.

Sasa rudi Mahakama ya Wilaya. Huko hakuna cha 246 wala cha 289. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, una kima cha chini cha miaka 30. Ubakaji, miaka 30. Kumbaka mtoto wa chini ya miaka kumi, kifungo cha maisha. Kesi hizi zote husikilizwa na mahakama za chini, mara nyingi mshtakiwa akijitetea mwenyewe, na Jamhuri inaweza kumsimamisha shahidi ambaye mshtakiwa hajawahi kusoma mstari hata mmoja wa maelezo yake.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa ninavyoisoma sheria, mwenendo kabidhi upo kwa sababu kesi inahama kutoka mahakama moja kwenda nyingine, na karatasi lazima zihame nayo. Mshtakiwa amefaidika njiani. Kesi isiyohama haina safari ya kumfaidisha mtu. Ukubwa wa adhabu haukuwa kipimo. Na adhabu za chini za miaka 30 zikaja kuongezwa kwenye mahakama za wilaya bila mtu kurudi kuuliza kama utaratibu wa kule unatosha kuzibeba.

Nyaraka zinapofika mezani

Kilichokosekana kabla ya kesi, sehemu yake inaweza kupatikana ndani ya kesi kwa anayejua wapi pa kusimama.

Shahidi anapotaka kutoa waraka, iwe hati ya ukamataji mali, ramani ya eneo la tukio au maelezo ya onyo ambayo mshtakiwa anadaiwa kuyatoa polisi, hakimu humgeukia mshtakiwa na kuuliza kama ana pingamizi. Wengi husema "sina" kwa heshima tu. Mshtakiwa ana haki ya kwanza kuomba auone waraka huo, ausome au asomewe. Kama ni maelezo ya onyo na anasema aliteswa au hakuyatoa kabisa, wakati wa kusema ni huo huo. Mahakama itasimamisha kesi na kuchunguza kwanza namna yalivyopatikana, kile magazeti yetu yanachoita kesi ndogo ndani ya kesi kubwa. Akinyamaza hapo na kuja kulalamika kwenye utetezi, amechelewa.

Waraka ukishapokelewa, lazima usomwe kwa sauti. Mahakama ya Rufani iliweka mpangilio huo wazi mwaka 2003 na imeurudia mara nyingi tangu hapo: uhakikiwe kwanza, upokewe, kisha usomwe. Usiposomwa, huondolewa kwenye kumbukumbu hata kama ulipokewa bila pingamizi. Sababu yake inagusa mada yetu moja kwa moja. Mshtakiwa hawezi kujibu asichokijua, na kupokea karatasi iliyokunjwa si kumweleza kilichomo. Kama hajui Kiswahili vizuri, kifungu cha 211 kinadai atafsiriwe ushahidi kwa lugha anayoielewa, jambo lenye maana kwa wazee wa Kigogo, Kinyaturu au Kisandawe.

PF3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari hujaza baada ya kumpima majeruhi, na taarifa nyingine za kitabibu zina ulinzi wake, kifungu cha 240(3): mahakama inapaswa kumweleza mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aliyeandika aitwe ahojiwe. Na pale Jamhuri inapotaka kutumia maelezo ya maandishi ya shahidi asiyeweza kufika, kifungu cha 34B cha Sheria ya Ushahidi kinataka nakala imfikie mshtakiwa kabla, naye ana siku kumi za kupinga. Masharti ya kifungu hicho yanatakiwa yatimie yote.

Kuna upande wa pili wa shilingi ambao unanikera kidogo. Mshtakiwa anayetaka kujitetea kwamba siku ya tukio alikuwa mahali pengine anatakiwa na kifungu cha 194 atoe taarifa mapema, au angalau atoe maelezo yake kabla Jamhuri haijafunga ushahidi. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kuupuuza utetezi huo. Sababu ni njema, Jamhuri isishtukizwe. Lakini wakati mshtakiwa wa Mahakama ya Wilaya anadaiwa kufunua karata yake, za Jamhuri zimelala kifudifudi.

Kinachofichwa kwa sababu, na kinachofichwa tu

Sidai kila kitu kwenye jalada la polisi kifunuliwe. Mtoa siri aliyewanong'oneza polisi analindwa na Sheria ya Ushahidi, na ni sawa alindwe. Shahidi anayetishiwa naye ana njia yake: kifungu cha 188 kinamruhusu DPP kwenda Mahakama Kuu kuomba jina na utambulisho wa shahidi visiwekwe wazi. Mwaka 2025 jambo hili lilifika midomoni mwa watu wengi kupitia shauri la uhaini la Tundu Lissu, mwanasiasa mzaliwa wa Singida, pale Jamhuri ilipoomba baadhi ya mashahidi wake walindwe kwa namna hiyo. Kuna mabishano ya kweli kuhusu ulinzi huo uishie wapi, kwa kuwa kumdodosa mtu usiyemjua ni nani ni kazi ngumu. Lakini walau kuna ombi, kuna jaji, na kuna amri inayoweza kusomwa.

Kinachonisumbua zaidi ni ushahidi unaomsaidia mshtakiwa. Mpelelezi amehoji watu sita. Wanne wanasema ni yeye, wawili wanasema mtu waliyemwona alikuwa mrefu na mwenye ndevu. Wale wawili hawaitwi. Katiba, ibara ya 59B, inamtaka DPP azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki na maslahi ya umma, na mwendesha mashtaka anayeichukulia ibara hiyo kwa uzito atayatoa maelezo hayo. Mahakama ya Rufani nayo, tangu uamuzi wake wa mwaka 1991, imesema Jamhuri isipomwita shahidi muhimu aliyekuwa akipatikana bila sababu, mahakama inaweza kuhitimisha kwamba angesema kinyume na Jamhuri. Msimamo mzuri huo, ila una shimo: ili uulalamikie kutoitwa kwa shahidi, lazima kwanza ujue yupo.

Wenzetu walikwishalitatua hili kwa maneno machache. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 50(2)(j), inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautegemea, na kuufikia kwa kiwango cha kuridhisha. Haibagui mahakama. Kanada ilikwenda mbali zaidi mwaka 1991, Mahakama yake ya Juu iliposema matunda ya upelelezi si mali ya mwendesha mashtaka kwa ajili ya kumfunga mtu, ni mali ya umma kwa ajili ya haki kutendeka, kwa hiyo yanayomsaidia mshtakiwa nayo yatolewe.

Na sisi tumekwishaambiwa. Juni 2016 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua shauri la mfungwa wa Kitanzania aliyekuwa akitumikia miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lile lile la mahabusu wetu wa pili. Miongoni mwa mambo iliyoona Tanzania imeyakiuka ni kutompa mapema nyaraka za kesi yake ili aweze kujitetea, pamoja na kutompa msaada wa kisheria bure.

Kuhusu msaada wa kisheria hatua imepigwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu hakimu au jaji kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe wakili pale haki inapohitaji hivyo, na wasaidizi wa kisheria wanatambulika kisheria. Mtu anayeshtakiwa kwa kosa la miaka 30 na hana fedha aombe hilo siku ile ile anayoomba maelezo, nalo liandikwe. Hukumu za Mahakama ya Rufani zinasomwa bure mtandaoni kwenye TanzLII; ndugu mwenye simu anaweza kutafuta uamuzi unaofanana na kesi yao na kuuchapisha.

Lakini wakili asiye na nyaraka naye anapapasa. Ninachokiomba kwa Wizara ya Katiba na Sheria na kwa Bunge ni kifungu kimoja kifupi: kwa kila kosa ambalo kima cha chini cha adhabu ni miaka 30 au kifungo cha maisha, mshtakiwa wa Mahakama ya Wilaya apewe maelezo ya mashahidi wote na orodha ya vielelezo kabla ya hoja za awali, na shahidi asiyekuwemo asiitwe bila taarifa ya maandishi, kama ilivyo kwenye kifungu cha 289. Watakaosema mashahidi watatishwa, ulinzi wa kifungu cha 188 upo tayari. Watakaosema ni gharama, kesi ya unyang'anyi yenye mashahidi watano ni karatasi thelathini au arobaini za kutoa nakala, na serikali hiyo hiyo italipia chakula cha mtu huyo gerezani kwa miaka thelathini.